Kisu cha mfukoni kichaguliwe kwa bawaba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niseme juu ya visu vya kukunja, vile vidogo vya kutia mfukoni. Gazeti lenu limetusaidia sana kuchagua simu, betri za sola, hata tairi za bodaboda. Juu ya kisu sijasoma neno, ilhali mkulima, fundi umeme, mvuvi na muuza machungwa hushinda nacho mkononi kutwa nzima. Kwa hiyo tunanunua kwa macho tu. Muuzaji naye analijua hilo, ndiyo maana mbele ya meza anapanga vinavyong'aa.

Mimi ni mama wa kitalu hapa Muheza. Kazi yangu ni kubebesha michungwa na miembe, yaani kuunganisha mti mmoja juu ya mwingine. Kwa michungwa tunaotesha limau kwanza. Shina likifika unene wa penseli tunachanja gome kwa alama ya T, tunachomeka jicho lililotolewa kwenye mchungwa uliothibitika kuzaa vizuri, kisha tunafunga kwa utepe wa nailoni. Jicho likikatwa kwa kisu butu linachanika pembeni, linakauka, na mche umekwenda. Kwa kazi hiyo nina kisu chake maalumu, kimenolewa upande mmoja tu, nacho hakikati kitu kingine chochote, hata chungwa. Nakifuta kwa dawa kabla ya kuhamia mti mwingine, maana yapo maradhi ya michungwa yanayosafiri kwenye makali ya kisu.

Barua hii inahusu kisu changu cha pili, kile ninachoshinda nacho popote nilipo. Asubuhi kinakata kamba ya katani iliyofunga magunia. Kinafungua mfuko wa mbolea, kinapasua viriba, kinachonga kijiti cha kuegemeza mche uliolala. Mteja akitaka kuonja chungwa kabla ya kununua miche, kinaoshwa na kummenyea. Jioni kinakata uzi wa nguo au kinafungua kifurushi kilichotoka Dar kwa basi. Ukimuuliza fundi umeme atakupa orodha yake, mvuvi wa Tongoni atakupa nyingine. Nawaomba wasomaji waanze hapo kabla ya kutoa pesa: kisu chako kitakata nini tangu unaamka hadi unalala? Ukiijibu hiyo kwa ukweli utagundua kwamba kazi nyingi zinataka makali ya sentimita sita hadi nane, mepesi, yenye ncha ya wastani. Kisu kirefu kuliko upana wa kiganja chako kitakuchosha tu, na watu watakutazama vibaya.

Sasa tazama vinavyouzwa. Vimepakwa rangi nyeusi au rangi za upinde wa mvua, vina mafuvu mpinini, makali yake nusu yana meno ya msumeno, na ukibonyeza kitufe bapa, yaani kile chuma chenye makali, linaruka lenyewe. Kijana akikishika dukani anakipenda papo hapo. Mwaka jana anayenisaidia kitaluni alinunua kimoja cha namna hiyo. Siku moja alikuwa anatoboa dumu la plastiki tulifanye la kumwagilia. Unapotoboa, ncha ikigoma kuingia na mkono ukapinda kidogo, nguvu yako yote inalisukuma bapa lirudi kwenye mpini. Ndani ya kisu kile kilichokuwa kinalizuia ni kibati chembamba. Kikateleza, bapa likajifunga juu ya kidole cha shahada. Zahanati walimshona. Dukani tuliambiwa kisu kikishauzwa hakirudi.

Tulikifungua kisu kile jioni ile nikakionyesha kwa vijana wote wa kitaluni. Kibati hicho cha loki, yaani kizuizi cha bapa, kilikuwa kinagusa kitako cha bapa kwa pembe tu, tena upana usiofika nusu milimita, na pale kilipogusa palikuwa pameshalika na kuwa laini. Springi ya kurusha ilikuwa nzima kabisa. Aliyekitengeneza alitia nguvu zake kwenye kukifanya kifunguke kwa mbwembwe, na ile sehemu inayolinda vidole vya mtu akaiacha hivi hivi.

Ndiyo maana nasema bawaba kwanza, yaani pale bapa linapojikunjia, pamoja na loki yake. Ukiwa dukani usiridhike kukiona ndani ya pakiti, omba kitolewe. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, kisha kamata bapa karibu na ncha kwa vidole viwili upande wa mgongo wake, ulisukume kushoto na kulia. Kisu kipya hakitakiwi kucheza hata kidogo. Kinachocheza leo, baada ya msimu mmoja wa machungwa kitakuwa kinalewalewa. Halafu lisukume kuelekea kwenye kujikunja. Kisu kisicho na loki kitakataa kwanza kwa nguvu ya springi, kisha kitakubali, na hiyo ndiyo kazi yake. Chenye loki kisisogee kabisa. Kigonge mgongo taratibu kwenye ukingo wa meza, vidole vyote vikiwa mbali na njia ya makali, na kikijikunja mrudishie mwenyewe. Mwisho kifunge, ukielekeze kwenye mwanga, uchungulie kati ya kuta za mpini. Bapa liwe limelala katikati, lisiegemee upande. Ncha iwe imezama yote. Ikijitokeza hata unene wa ukucha, itatoboa mfuko leo na kesho itafika kwenye ngozi.

Angalia pia kilichoshikilia bawaba. Chenye skrubu utaikaza mwenyewe ikilegea, ila hakikisha bisibisi ya kichwa hicho inapatikana, kwa kuwa vingi vina skrubu za umbo la nyota ambazo bisibisi za kawaida haziingii. Chenye ribiti ikilegea, fundi anaiweka juu ya kipande cha chuma na kuigonga kwa nyundo ndogo mpaka inakaza. Mimi napenda ribiti. Haifunguki yenyewe mfukoni.

Marehemu baba alikuwa mkata mkonge kwenye mashamba ya huku Tanga, na mfukoni alikuwa na Okapi. Wazee watakikumbuka: mpini wa mbao uliopinda kidogo, wenye mwezi na nyota, na pete ya chuma mgongoni. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na vikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamemwandika mwaka 1901. Siku hizi vinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikifungua unasikia meno ya loki yakishika moja baada ya jingine, ka, ka, ka, na hakifungiki mpaka uivute pete. Loki yenyewe ni upapi wa chuma ulio wazi mgongoni, ukipata uchafu unausugua kwa mswaki. Baba alikitumia miaka mingi hata bapa likawa nusu ya upana wake kwa kunolewa, na loki ilikuwa bado inashika.

Pamoja na mapenzi yangu kwa kisu kile, simshauri kijana wa leo atembee nacho mjini. Ni kirefu, kina ncha kali mno, na huko Afrika Kusini na Jamaika kimejipatia sifa ya kisu cha wahuni. Umbo la kisu linasema kabla mwenyewe hujafungua mdomo. Watu wetu wameumizwa na vibaka wenye visu na mapanga, hofu yao ni ya haki, na sisi wenye kazi tuiheshimu kwa kubeba kisu kifupi kinachofanana na kifaa cha kazi. Cha mpini mwekundu au wa rangi ya chungwa ni bora zaidi: hakimtishi mtu, na kikianguka kwenye majani unakiona.

Ninachotembea nacho sasa ni Opinel, nilicholetewa na kaka yangu ambaye ni baharia. Kinatoka Savoie, milimani kule Ufaransa, ambako Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890. Ni kipande cha mti, bapa, msumari mmoja, na pete inayozunguka shingoni. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955: ukifungua bapa unaizungusha, na mwanya wake unahama, bapa haliwezi kurudi. Tangu mwaka 2000 pete inalifunga bapa hata likiwa limekunjwa. Wanaume wenye mifuko ya suruali hawataona faida ya hilo upesi. Sisi tunaofunga vitu kwenye pindo la khanga tunaiona. Kisu kinachofunguka chenyewe pindoni ni hatari kubwa, kwa hiyo mwanamke anayechagua kisu akipime hata kikiwa kimekunjwa: akishike kichwa chini akitikise kwa nguvu, na kisipofunguka hata kidogo ndiyo akinunue. Namba 8, inayonunuliwa zaidi, ina makali ya sentimita 8.5. Changu ni namba 6, chenye sentimita 7 hivi, na kinanitosha kwa yote niliyotaja.

Opinel ina kasoro moja hapa kwetu, na aliyeipata kama zawadi aijue. Mpini ni mti mtupu. Masika ikikaza, mti unavimba, bapa linabanwa, na kucha zitakatika ukilazimisha kulivuta. Wafaransa wenyewe hugonga kitako cha mpini mezani, ncha ikachomoza kidogo wakaishika. Mimi nilikianika kivulini mpaka kikakauka kabisa, nikatia mafuta ya kitani kwenye ule mfereji na kuyaacha yanywee, nikarudia. Tangu hapo kinabana siku za mvua kubwa tu.

Kisu chekundu cha Uswisi, Victorinox, kinajulikana na wengi. Kampuni ile ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, na kile kisu cha maofisa chenye vifaa vingi kilisajiliwa mwaka 1897. Vile vidogo havina loki, vinategemea springi peke yake, na springi yake inaposhika utaisikia mkononi. Kwa karani, mwalimu, fundi cherehani au mama wa nyumbani naona ndicho kinachofaa kupita vyote, maana kina mkasi na kifungua kopo ndani yake. Asikitumie tu kutobolea. Tahadhari iwepo, kuna vya kuiga vyekundu vile vile na msalaba mweupe; ukikata kadibodi kwa mkasi wake utaona kibati kinapinda.

Kwa ndugu zetu walio Uingereza wanaosoma gazeti hili huko, habari ya loki ina uzito mwingine. Sheria yao ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha kukunja kisicho na loki ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Chenye loki, hata kiwe kifupi vipi, lazima awe na sababu halali ya kuwa nacho, mfano kazini. Msiwapelekee zawadi ya kuwatia matatani. Na msafiri wa ndege popote aendapo akiweke kwenye begi la kukabidhi, asikiache mkobani, kwa sababu pale kwenye ukaguzi hakitapita na hatakipata tena.

Kuhusu chuma nitasema kirefu kidogo, kwa kuwa sisi tunaishi karibu na bahari. Kuna chuma cha kaboni na kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho kimechanganywa na kromiamu isiyopungua sehemu 10 na nusu katika 100. Cha kaboni kinanoleka kwa kinoo chochote, dakika chache tu kinanyoa nywele za mkono. Lakini maji ya chungwa yakikaa juu yake kwa muda wa kunywa chai, kinabadilika na kuwa kijivu, kisha cheusi, na ukimenyea embe siku hiyo utaonja chuma. Weusi huo hauna ubaya, unakaa kama ngozi na kuzuia kidogo kutu isiingie. Ubaya ni ule wekundu unaoanzia ndani kwenye bawaba usikoona, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga mjini au Pangani unaanza upesi ukikilaza kisu na unyevu. Kisichoshika kutu kinavumilia chungwa, embe na jasho, ila kinataka subira zaidi kwenye kinoo. Naamini kwa mtu wa pwani anayekata matunda, hicho ndicho achukue. Wa bara, kwenye ukavu wa Dodoma au Singida, achukue cha kaboni na atakifurahia.

Tena usidhani kisichoshika kutu maana yake hakina ubora. Watu wananiambia vile ni laini, havishiki makali. Inategemea kilivyopikwa na kupozwa kiwandani. Bapa la Victorinox linapimwa 56 hivi kwenye kipimo cha Rockwell, ugumu wa kutosha kukata kamba siku nzima na ulaini wa kutosha kunolewa nyumbani. Kibaya ni kile kisicho na jina la kiwanda popote, kimeandikwa tu kwamba ni chuma cha pua halisi. Hicho unaweza kukinoa asubuhi na saa nne kikawa kinasukuma ganda la chungwa badala ya kulikata.

Meno ya msumeno yaachwe. Nakubali yanakata kamba ya katani vizuri, kwa wiki za mwanzo. Yakiisha, kinoo chetu bapa hakiingii kwenye mabonde yake, na nusu ya kisu inakuwa imekufa. Makali yaliyonyooka yakinolewa vizuri yanakata katani hiyo hiyo: vuta kisu kuelekea kando, usikandamize.

Kunoa kwenyewe si kazi ya kumlipa mtu. Lowesha kinoo, laza bapa, kisha nyanyua mgongo kidogo tu, kama nyuzi 20, na usibadilishe mwinuko huo mpaka umalize upande. Geuza. Ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali na kusikia kiukingo kinakwaruza, ujue upande mmoja umekwisha na sasa ni zamu ya wa pili. Malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume. Kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, ufungue na kufunga mpaka yaingie. Mafuta ya kula usitie, yananata na kukusanya mchanga.

Kwa wenye maduka ya vifaa nina ombi. Mruhusuni mteja akifungue kisu kabla hajalipa, na kama hamtaki kila mtu acheze navyo, tengeni kimoja cha mfano kwa kila aina. Andikeni chuma ni cha aina gani na kiwanda ni kipi. Kikijikunja chenyewe mbele ya mteja, kiondoeni mezani, msikiache kimsubiri mwingine asiyejua kukipima. Nanyi Mhariri, mkipata nafasi, waulizeni wavuvi wa Tanga na wamenya machungwa wa stendi ya Muheza wanatumia visu gani na kwa nini. Watawajazia ukurasa mzima, na kwa vile wanavitegemea kwa riziki, hawatawaambia habari za rangi.

Wako,
Mama wa kitalu cha michungwa,
Muheza, Tanga